Kutoka Mkono hadi Taa: Historia ya Ishara za Kukata Kona katika Magari ya Zamani, kwa Mfano wa Kilakala, Morogoro

Katika historia ya motokaa, mambo yaliyoandikwa sana ni nguvu za injini, wepesi wa mwendo na majina ya watengenezaji. Jambo moja limepewa nafasi haba, nalo ni namna dereva anavyowaarifu wenzake kwamba ataka kwenda kulia au kushoto. Walakini jambo hilo ndilo lililo karibu zaidi na somo la lugha, kwa kuwa ishara ya barabarani ni usemi: ina msemaji, ina msikilizaji, na ina mapatano baina yao. Mapatano yakivunjika, neno hupotea na watu huumia.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi usemi huo ulivyohama kutoka mkononi mwa dereva ukaingia katika nyaya za gari, na jinsi gari lililoundwa kabla ya uhamisho huo linavyoweza kutiwa taa za ishara bila ya kuharibiwa umbo wala umeme wake. Mfano wa mahali ni Kilakala, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru. Na mfano wa gari ni Land Rover za miaka ya 1948 hadi 1958. Hoja nitakayoitetea ni kwamba gari la namna hiyo halikuwa bubu lilipotoka kiwandani. Lilikuwa na lugha yake, ila barabara ndiyo iliyobadili lugha. Kwa hiyo kulitia taa ni kazi ya kufasiri, na kama ilivyo kwa kila tafsiri, yafaa tujue kwanza maneno ya asili yalisema nini.

MKONO WA KULIA

Mwaka 1907 reli ya kati ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam. Mwaka huo huo Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kuvuka bara zima, akafika Swakopmund mwaka 1909. Msafiri huyo hakuwa na haja ya ishara za kukata kona, maana hapakuwa na motokaa nyingine nyuma yake ya kuashiriwa. Haja hiyo ilizaliwa magari yalipokuwa mengi kiasi cha kukutana na kufuatana.

Katika Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, magari yalipita upande wa kushoto wa barabara, na dereva alikaa upande wa kulia wa gari. Kwa hiyo mkono uliokuwa karibu na dirisha ni wa kulia, na huo ndio uliofanywa kuwa ulimi wa gari. Ishara zake kubwa zilikuwa tatu. Dereva aliyetaka kwenda kulia alinyosha mkono sawasawa nje ya dirisha. Aliyetaka kwenda kushoto aliuzungusha mkono huo huo duara, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Aliyetaka kupunguza mwendo aliupandisha na kuushusha taratibu, kiganja kikielekea chini.

Wataalamu wa lugha wataona hapa jambo la kupendeza. Mkono wa kulia ulipata jina lake kutokana na kula. Tena Waswahili huuita mkono wa kuume, na wenzake huitwa wa kushoto au wa kike. Katika adabu zetu, mkono wa kulia ndio utoao na upokeao. Desturi ya barabara, ijapokuwa ilitoka ng'ambo na sababu yake ilikuwa mahali pa kiti cha dereva tu, iliufanya mkono huo useme hata kwa niaba ya mwenzake: neno la kushoto nalo lilitamkwa kwa mkono wa kulia. Mtu wa pwani au wa Uluguru hakuona kioja katika mpango huo.

Hata hivyo mkono ulikuwa na mapungufu manne. La kwanza, haukuonekana usiku, na katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta giza huingia mapema mwaka mzima. La pili, wakati wa masika dirisha hufungwa. La tatu, shehena pana ya lori humziba dereva, na aliye nyuma haoni kitu. Hapo ndipo utingo, ambaye pia huitwa taniboi, aliweza kumsaidia dereva wake kwa mkono na kwa sauti, kwa sababu yeye alikaa upande wa pili. Jina hilo la taniboi linarudi nyuma hadi zama za kuwasha injini kwa kuzungusha mtaimbo wa chuma mbele ya gari, kazi iliyokuwa yake.

Pungufu la nne ni zito kuliko yote, nalo huonekana katika njia za milimani. Katika gari lenye usukani wa kulia, mkono wa kushoto hubadili gia na wa kulia hushika usukani. Dereva anayeteremka mlima na kukaribia kona hana budi kupunguza gia. Na akitaka pia kuashiria, basi usukani hubaki bila mkono. Kwa maneno mengine, kona ya mteremko humtaka dereva awe na mikono mitatu.

MKONO WA CHUMA

Jibu la kwanza la wahandisi lilikuwa kuiga kiungo cha mwili. Katika miaka ya 1930 magari mengi ya Uingereza na Ujerumani yalitiwa mkono mdogo wa chuma ulioitwa Trafficator, uliojificha ndani ya nguzo ya mwili wa gari karibu na mlango. Dereva alipobonyeza swichi, umeme ulipita katika koili ya waya. Koili ikawa sumaku, ikavuta kipande cha chuma, nao mkono ukainuka ukakaa sawasawa ubavuni mwa gari. Ndani yake mlikuwa na taa ndogo, basi usiku mkono huo ulionekana kama kidole chenye moto. Miongoni mwa watengenezaji wakubwa walikuwa Lucas wa Birmingham.

Chombo hiki kilidumu kuliko wengi wanavyodhani. Volkswagen ndogo za soko la Ulaya ziliendelea kuwa nacho hadi mwaka 1960, na Morris Minor hadi mwaka 1961. Magari hayo yote mawili yalijulikana sana Afrika Mashariki. Volkswagen ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya mwaka 1954, ikiendeshwa na Vic Preston. Lakini mkono wa chuma haukupatana na barabara za vumbi. Vumbi liliingia katika kiota chake, mafuta yakakauka, nao ukakwama ama juu ama chini. Ukikwama chini, dereva hudhani amesema kumbe hakusema. Ukikwama juu, husema neno ambalo dereva hakulikusudia. Katika elimu ya mawasiliano makosa hayo mawili hayalingani: la pili ni baya zaidi, kwa sababu msikilizaji huliamini.

TAA YA KUMEMETA

Jibu la pili liliacha kuiga mkono. Nchini Marekani, kampuni ya Buick ilianza kuyatia magari yake ya mwaka 1939 taa za kuwaka na kuzimika kutoka kiwandani. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka huo ndio uliotolewa kamusi sanifu ya Frederick Johnson, kwa hiyo kitu na kamusi kubwa ya lugha yetu vilizaliwa pamoja bila kufahamiana.

Siri ya taa hiyo ni moto. Ndani ya kikopo kidogo, ambacho mafundi hukiita flasha, mna waya mwembamba au ubapa wa madini mawili yaliyoshikamanishwa. Umeme ukipita, kitu hicho hupata joto, hutanuka au hupinda, na njia ya umeme hukatika au huungana. Kikipoa hurudi kama kilivyokuwa. Hivyo taa huwaka na kuzimika bila ya mkono wa mtu, na kanuni za kimataifa hutaka imemete mara 60 hadi 120 kwa dakika. Jicho la binadamu huvutwa na kinachobadilika kuliko kinachotulia. Ndiyo sababu taa hiyo iliushinda mkono wa chuma.

Katika miaka ya 1950 watengenezaji kadhaa wa Uingereza walitumia njia ya mkato. Badala ya kuongeza taa mpya, waliweka kisanduku cha relei cha Lucas kilichoitwa DB10, nacho kikazifanya taa za breki zenyewe zimemete upande mmoja. Njia hiyo ilipunguza gharama, lakini ilifanya rangi nyekundu ibebe maana mbili. Uingereza ilikuja kutaka rangi ya manjano iliyokoza kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Septemba 1965, ili kila neno liwe na sauti yake.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa gari la shamba. Zile za mwanzo zilitoka bila mkono wa chuma na bila taa za kumemeta. Madirisha yake yalikuwa ya kusukumwa pembeni, nao mkono wa dereva ulipita hapo.

BARABARA ZA MOROGORO ZABADILI LUGHA

Kwa miaka mingi ishara ya mkono ilitosha katika mji kama Morogoro, kwa kuwa magari yalikuwa machache na mwendo wake ulikuwa wa polepole. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru. Zambia ilizibiwa njia yake ya kusini, na malori ya mafuta na ya shaba yakaanza kupita kati ya Dar es Salaam na Zambia kwa njia ya Morogoro na Iringa. Barabara hiyo ikatiwa lami hatua kwa hatua. Lami huzidisha mwendo, na mwendo hupunguza muda wa kusoma ishara. Mkono unaoonekana vema kwa gari la kilomita 30 kwa saa huwa si kitu kwa lori linalokuja kwa kilomita 80.

Kilakala iko kando ya mkondo huo, karibu na vilima vya chini vya Uluguru, milima ambayo vilele vyake hupita mita 2,600. Hapo ndipo ilipo shule ya sekondari ya wasichana ya Kilakala, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College. Gari linalotoka huko kuelekea makutano ya Msamvu, zinapoachana barabara za Dodoma na Iringa, hutoka katika njia za mteremko na kuingia katika msongamano wa malori, mabasi na bodaboda. Msafara mfupi huo hupitia zama mbili za barabara.

Mapatano ya kimataifa yaliyofanyika Vienna mwaka 1968 yalithibitisha mabadiliko haya. Yanamtaka dereva aashirie kwa taa za gari, na kama hana, aashirie kwa mkono ikiwezekana. Tanzania nayo ilitunga Sheria yake ya Usalama Barabarani mwaka 1973. Msomaji aangalie mpangilio wa maneno ya Vienna: mkono haukufutwa, bali umewekwa nafasi ya pili. Lakini kijana anayeendesha bodaboda leo amefundishwa kutazama taa. Mzee akizungusha mkono wake nje ya Land Rover, kijana aweza kudhani anaamkiwa.

JINSI YA KUTIA TAA

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Land Rover hizo zina umeme wa volti 12, na ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye mwili wa gari. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida Uingereza tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960, nao ni kinyume cha magari ya leo. Fundi asiyelijua hilo aweza kuunguza vyombo vipya. Flasha ya zamani ya waya wa moto haijali umeme waingia upande gani, kwa kuwa joto halina upande. Flasha ya elektroniki hujali sana. Hivyo jambo la kwanza ni kuitazama betri, na la pili ni kuifungua kabla ya kugusa waya wowote.

Hesabu yake ni nyepesi. Taa ya ishara ina balbu ya wati 21. Upande mmoja una balbu mbili, ya mbele na ya nyuma, jumla wati 42. Ukigawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.5. Zote nne zikiwashwa pamoja kwa tahadhari, ni ampea 7. Waya wenye unene wa milimita moja ya mraba watosha. Katika Volkswagen ya zamani yenye volti 6, balbu za wati zile zile hutaka ampea 7 kwa upande mmoja, na kwa hiyo waya mnene zaidi. Dainamo ya Land Rover hutoa kama ampea 20 tu, tena gari likiwa katika mwendo. Gari likisimama huku injini ikinguruma polepole, betri ndiyo inayobeba mzigo.

Umeme wa taa hizi huchukuliwa mahali panapopata nguvu swichi ya injini ikiwashwa tu. Katika kisanduku cha Lucas mahali hapo ni penye alama A4, baada ya fyuzi. Lakini fyuzi ya asili ya ampea 35 ni kubwa mno kuulinda waya mwembamba. Yafaa kuongeza fyuzi ya pekee ya ampea 10. Kutoka hapo waya huenda kwenye ncha B ya flasha. Ncha L huenda kwenye swichi. Ncha P huenda kwenye kijitaa cha dashibodi. Katika desturi ya Lucas, waya wa taa za kushoto ni wa kijani wenye mstari mwekundu, na wa kulia ni wa kijani wenye mstari mweupe. Fundi akizifuata rangi hizo, atakayemfuata miaka 30 baadaye atausoma mchoro wake bila kuuliza.

Kijitaa hicho si pambo. Swichi ya kuongezwa aghalabu hairudi yenyewe baada ya kona, na taa iliyosahauliwa ni ule mkono wa chuma uliokwama juu. Vilevile flasha ya moto hupimwa kwa mzigo wake: balbu moja ikiungua, joto hupungua na mwendo wa kumemeta hubadilika au hukoma, na kwa njia hiyo dereva hupata habari. Balbu za kisasa zinazotumia umeme mdogo haziitii joto flasha hiyo, basi huwaka bila kumemeta. Anayezitaka hana budi kutafuta flasha ya elektroniki na balbu zinazokubali mwili chanya.

Jambo la mwisho, ambalo katika Uluguru ndilo la kwanza kuharibika, ni njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu na chasisi yake ni ya chuma. Madini hayo mawili yakigusana penye maji ya mvua, huliana, na katikati hutokea unga mweupe usiopitisha umeme. Taa huwa hafifu, au umeme hutafuta njia kupitia taa nyingine, hata taa ya breki ikamemeta pamoja na ya kushoto. Dawa yake ni kupeleka waya mweusi kutoka kila taa hadi kwenye chasisi iliyosuguliwa ikang'aa, kisha kuufunga na kuupaka grisi.

ASILI NA USALAMA

Wako wanaosema kwamba gari la kale lisiguswe. Hoja hiyo ina haki yake mahali pake. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limewekwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Gari kama hilo limekuwa hati, na hati haiongezewi maneno. Lakini gari linaloteremka Kilakala kila wiki si hati tu. Lingali msemaji miongoni mwa wasemaji. Wahenga walisema ajali haina kinga, nao waliikusudia ile isiyojulikana ijapo. Kona hujulikana kabla haijafika, na kwa hiyo kinga yake ipo.

Kati ya hoja hizo mbili pana njia ya adabu. Taa zifungwe kwenye matundu yaliyopo au juu ya vibao vinavyoondoleka. Waya mpya upite kando ya wa zamani bila kuukata. Na mchoro uhifadhiwe pamoja na gari. Mimi nachagua taa za manjano za pekee kuliko njia ya mkato ya taa za breki. Katika mteremko dereva huwa amekanyaga breki muda wote, na rangi nyekundu tayari inasema neno jingine. Na dirisha libaki likifunguka, maana fyuzi ikikatika, mkono ungali na haki yake.

MANENO YA GEREJI

Ama kwa habari ya msamiati, kazi hii imeacha alama zinazofaa kuchunguzwa. Indiketa imefuata njia ya dereva, spana, rejeta na trekta, ambamo mwisho wa neno la Kiingereza umegeuka kuwa irabu a. Trafficator lilikuwa jina lililotungwa kwa kuunganisha maneno mawili, na chombo kilipokufa jina lilikufa nalo. Lakini trafiki lingali hai kwetu kwa maana ya askari wa barabarani. Kipilefti limetoka katika kibao kilichomwamuru dereva ashike kushoto, likaingia ngeli ya ki na vi kana kwamba lilizaliwa humo. Na kukata kona limeunganisha kitenzi chetu na jina la kigeni bila mtu kuhisi mshono.

Katika mifano hiyo maneno hayakutoka kwenye kamati. Yalitoka kwa watu waliohitaji kuelewana upesi, chini ya gari au nyuma ya usukani. Mafundi waliozijua nyaya za Lucas kwa rangi zake, na waliofahamu kwa nini mwili wa gari ulikuwa chanya, sasa ni wazee. Kila Land Rover inayotiwa taa mpya hutoa nafasi ya kuandika si mchoro wake tu, bali pia majina ambayo fundi anamtajia msaidizi wake kila kipande anapokiomba. Wachunguzi wa lugha wangefanya vema kusimama karibu na kalamu mkononi, kabla ya ulimi huo nao kuhama.